Boti Naivasha, Kisumu au Mwanza: wapi sheria za usalama zinafuatwa kweli, na we uchague ipi

Watu wakipanga wikendi ya boti wanalinganisha bei, samaki watakaokula na mahali picha zinatoka vizuri, na hayo yote sawa, lakini mi hapa nalinganisha kitu kimoja tu: kabla boti haijaondoka gatini ni nani ameiangalia, na kapteni akivunja sheria ni nani atamsimamisha. Nimechukua sehemu tatu ambazo familia nyingi za kwetu zinafika, yani Ziwa Naivasha, Ziwa Victoria upande wa Kisumu (Dunga na Hippo Point), na Ziwa Victoria hilohilo upande wa Mwanza ukienda kisiwa cha Saanane. Kwenye karatasi sheria zinafanana sana kote. Kinachotofautiana ni nani anazisimamia pale ufuoni saa nne asubuhi siku ya Jumapili, watu wamejaa na kila mtu anataka kupanda.

Kwa mwenye haraka nasema mapema. Una watoto wadogo au wazee wasiojua kuogelea na uko Tanzania, nenda Saanane. Uko Kenya na hao hao, nenda Naivasha asubuhi, tena upandie kwenye gati inayoandika majina ya abiria. Kisumu ni kwa watu wazima wanaotaka ziwa pana na wako tayari kuahirisha safari hata wakiwa wamefika na jua linawaka. Sababu ndo hizi.

Nani mwenye mamlaka

Kenya boti yoyote inayobeba watu kwa pesa, iwe baharini au ziwani, iko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA. Hao ndo wanakagua chombo, wanatoa cheti cha usalama, na anayeendesha anatakiwa awe na leseni yake mwenyewe, yani leseni ya boti haimfunikii kijana aliyeazimwa usukani. Afu kuna walinzi wa pwani, KCGS, walioanzishwa 2018, na wengi wanadhani kazi yao inaishia Mombasa lakini sheria inawapa mpaka maziwa ya bara. Juu ya hapo kuna KWS kwa mambo ya wanyama, na kule bichi kuna BMU, kamati ya wavuvi na watu wa ufuo, ambayo kiasili ni ya mambo ya samaki ila kwa ukweli ndo inayojua kila boti, mwenyewe ni nani na injini yake inasumbua vipi.

Tanzania vyombo vya majini viko chini ya TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, nalo lilianza kazi 2018, kabla yake msimamizi alikuwa SUMATRA. Chombo kinatakiwa kiwe kimekaguliwa, kiwe na cheti, idadi ya abiria ijulikane na majaketi yatoshe watu wote. Sasa Saanane ina jambo la ziada, ile ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote, haifiki kilomita tatu za mraba ukijumlisha na maji yake, kwa hio unaingia kupitia ofisi ya TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, pale Capri Point, unalipa, unaandikishwa, afu ndo unapanda boti. Na hapo mi naona ndo ushindi wa Saanane ulipo, sio kwamba maji ya Mwanza ni mapole, hapana, ni kwamba mlango ni mmoja. Ukishaandikishwa kuna mtu anajua watu wangapi wako kisiwani na wangapi bado hawajarudi, na kila boti inarudi palepale ilipotoka. Naivasha milango ni mingi, kuna magati ya mahoteli barabara ya Moi South Lake yote, kuna Kamere, kuna Karagita, na kila sehemu ina utaratibu wake. Kisumu hivohivo, Dunga wamejipanga vizuri kwa sababu ni bichi ya zamani yenye kikundi chake, lakini ukitembea kidogo utakuta mtu na mtumbwi wake anakuita kwa bei ya chini na hakuna anayekuandika popote.

Ndo maana swali langu la kwanza kwa kapteni wa Naivasha au Kisumu sio bei. Ni "nani ana orodha ya majina yetu huku nchi kavu?" Mwenye utaratibu anakuonyesha kitabu. Asiye nao anacheka na kukuambia usiwe na wasiwasi, na akisema hivo we tafuta boti nyingine.

Upepo, na saa ya kupanda

Hapa wageni wengi wanakosea kwa sababu ziwa linakuwa limetulia wakati wa kulipia.

Naivasha iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, ndani ya Bonde la Ufa. Asubuhi maji yanaweza kulala kabisa, afu mchana ukisonga upepo unaamka, na kwa kuwa ziwa lenyewe halina kina kirefu sehemu nyingi, mawimbi yanakuja mafupi na ya karibukaribu, yanapiga boti ndogo ya faiba bila kuipa nafasi ya kupumua. Ukiloa kule unasikia baridi haraka. Saa tatu mpaka saa tano asubuhi ndo muda wa watoto, saa tisa alasiri ni muda wa kukaa kwenye nyasi na kula samaki.

Kisumu iko ndani ya Ghuba ya Winam, kwa hio umezungukwa na nchi kavu na sio ziwa wazi lenyewe, ndo maana watu wanaamini ni salama zaidi. Kiasi fulani ni kweli. Lakini jua likishapasha nchi kavu, upepo unavuta kutoka ziwani, unyevu unapanda kwenye milima ya Nandi na Kericho, na alasiri ngurumo zinaweza kushuka kwa ghafla. Na watu wanapenda boti ya jioni pale Hippo Point, kuangalia jua likizama, yani saa ileile ambayo hali imeshachafuka au giza linakaribia. Boti ya jioni kama haina taa usipande, manake kuna wavuvi wanatoka na nyavu muda huo na boti zote mbili hazionani. Mwanza mambo yamegeuka kidogo, kwa Ziwa Victoria lenyewe, lile la wazi, ngurumo nyingi hujikusanya usiku na alfajiri juu ya maji, kwa hio asubuhi mapema sana angalia mawingu vizuri. Ila Saanane ni dakika chache tu kutoka Capri Point, hata hali ikianza kubadilika unageuza.

Idara za hali ya hewa za nchi zote mbili, KMD na TMA, hutoa utabiri wa Ziwa Victoria kwa ajili ya vyombo, na kapteni makini anaujua wa leo. Muulize tu. Ukimuona anaangalia juu na kukuambia "leo poa", hio sio taarifa.

Naivasha na Kisumu zote pia zina gugu maji. Linasafiri na upepo, asubuhi gati iko wazi na mchana imefungwa, na boti inaweza kunaswa katikati masaa mengi, propela imejifunga mizizi. Uliza kama kuna makasia ndani ya boti na simu yenye chaji. Naivasha kuna na hili lingine, maji yalipanda sana miaka ya karibuni yakazamisha miti ya migunga iliyokuwa ufuoni, mingine imesimama imekauka na unaiona, mingine ni visiki chini ya maji huvioni. Kapteni wa pale anavijua. Wa kuja na boti yake kutoka Nairobi, nyuma ya gari, havijui, na kwa yeye namshauri akodi mwenyeji siku ya kwanza, sio aibu.

Viboko

Naivasha haina mamba lakini viboko ni wengi, na ndo kivutio, kila anayepanda boti anataka kuona kiboko. Sheria ya ufuoni kila mtu anaijua, weka umbali. Inavunjwa kila siku kwa sababu mgeni anaongeza kidogo juu ili apelekwe karibu apige selfi, na kapteni ana ada ya shule ya kulipa. Mi sitamlaumu kapteni peke yake hapo, anayeagiza ni abiria.

Kiboko anaweza kukaa chini ya maji kama dakika tano, anatembea chini, hujui atatokea wapi. Mwenye mtoto ni mkali zaidi. Na kosa kubwa ni kumkatia njia kati yake na maji ya kina, sababu akishtuka anakimbilia kinani na we ndo umekaa njiani. Kapteni mzuri utamjua hapa: anawaendea kwa upande, anabaki na injini inanguruma ili wamsikie, anaacha njia ya kinani wazi, na ukimwambia "sogea kidogo" anakataa. Huyo aliyekukatalia mpe pesa ya juu.

Na hata nchi kavu usilegee. Mwaka 2018 mtalii aliuawa na kiboko Naivasha akiwa ufuoni anapiga picha, hakuwa hata ndani ya boti. Jioni wanatoka kula majani, nyasi za hoteli ni chakula chao.

Kisumu viboko wapo ila wachache kuwaona, Mwanza kuna mamba na kiboko pia kwa hio usiruhusu mtoto kutumbukiza miguu pembeni. Afu Ziwa Victoria lote lina kichocho, kucheza kwenye maji ya ufuoni achana nako.

Kuna hatari nyingine inayotokana na viboko na watu hawaiwazi kabisa: kiboko akitokea kulia, boti nzima inahamia kulia na simu zao. Boti ya watu saba nane, watano wakisimama upande mmoja, imelala tayari. Tukumbuke MV Nyerere, Septemba 2018, kivuko kikubwa sio boti ya starehe, uwezo wake ulikuwa abiria 101, siku hio kilibeba zaidi ya mara mbili ya hapo, kikapinduka kikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara na watu 228 wakafa. Walikuwa wanaiona gati. Uzito ukizidi chombo kinakosa akiba ya kujirudisha, na baada ya hapo mtikisiko mdogo tu unatosha. Kwa hio kabla ya kuondoka kubalianeni, hakuna kusimama, mwenye simu apige akiwa amekaa.

Laifu jaketi, na hapa nitakaa kidogo

Sehemu zote tatu utapewa laifu jaketi. Hilo limebadilika sana na tushukuru, zamani ulikuwa unaulizwa kama unataka. Lakini kupewa ni kitu kimoja. Naivasha wengi wanavalisha gatini na mbele ya hoteli kila mtu kafunga, mkifika katikati joto linaanza, watu wanafungua na kapteni ananyamaza. Kisumu kwenye boti za watu wengi utakuta yamerundikwa chini ya viti au watu wameyakalia, ni kama abiria wa bodaboda aliyevaa helmeti kwenye kiwiko. Boti ikipinduka huna muda wa kutafuta kamba. Saanane kwa kuwa safari ni fupi kishawishi ni kusema "si hapa tu", na "si hapa tu" ndo maneno ninayoyaogopa kuliko yote.

Marekani ambako wanahesabu kila ajali ya boti za starehe, ripoti yao ya 2023 ilionyesha waliokufa 564, robo tatu walizama, na kati ya hao waliozama asilimia 87 hawakuwa wamevaa jaketi. Huko boti ni nyingi za kisasa na doria zipo. Maji hayajali.

Sa kuna jaketi na jaketi. Angalia ndani kuna lebo yenye namba ya nguvu yake ya kuelea. Ikiandikwa 50 hio ni ya kusaidia mtu anayejua kuogelea na yuko karibu na ufuo, haitamgeuza aliyezimia uso uangalie juu. 100 ndo ya kutaka kwa maji yaliyotulia kama haya tunayozungumzia, na 150 ni ya maji mabaya zaidi. Mengi yaliyoko bichi lebo imeshafutika, hapo bonyeza sponji kwa vidole, kama imelala haiinuki tena ujue imekaliwa miaka, inaelea kidogo sana. Angalia kama kamba zote zipo na kifungo kinashika. Filimbi ikiwepo ni dalili nzuri kwamba mwenyewe anajali.

Mtoto ndo kipimo cha kweli cha gati yoyote. Mvalishe, funga yote, afu mshike jaketi mabegani umwinue kidogo. Likipanda likampita kidevu na masikio, ni kubwa, majini litamtoka na yeye atabaki chini. Jaketi la mtoto mdogo linatakiwa liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu na kola ya kushika kichwa, na saizi inaendana na kilo zake, sio umri. Kwenye mambo haya Naivasha kwenye hoteli kubwa inashinda, wanayo ya watoto kwa sababu wateja wao ni familia. Kwenye bichi za umma za Naivasha na Kisumu ya saizi ya miaka miwili mitatu ni bahati. Mi nasema kama una mtoto wa umri huo na unapenda maji, nunua lako uwe unasafiri nalo, ni bei ya chini ukilinganisha na hoteli ya usiku mmoja. Na kama hakuna linalomfaa, mtoto anabaki nchi kavu na mtu mzima mmoja. Kumshika mapajani sio mbadala, boti ikipinduka hata mwanamume mwenye nguvu anamwachia.

Boti ya hoteli au boti ya bichi

Usidhani hoteli maana yake salama. Hoteli nyingi hazina boti zao, zinaita boti zilezile za bichi na kuongeza bei, tofauti tu ni kwamba hoteli ina jina la kulinda kwa hio inachagua. Boti ya bichi yenye kikundi kilichosajiliwa, iliyoandikwa namba ubavuni na idadi ya watu, kapteni mwenye leseni anayekuonyesha bila kununa, mi naipanda bila shida, tena pesa inabaki kwa wenyeji. Ya kuikimbia ni ile ya katikati, ya dalali aliyekukamata barabarani, yeye sio kapteni, boti sio yake, anapokea M-Pesa yako na anabaki nchi kavu.

Angalia pia kapteni kama ana ile kamba nyekundu ya kuzima injini, inafungwa mkononi au kwenye jaketi lake, akidondoka injini inazima yenyewe. Wengi wanaiacha inaning'inia kwenye mashine. Bila hio akidondoka yeye boti inaendelea kuzunguka na propela inawarudia walioko majini.

Muziki na pombe

Kisumu ndo ina boti za sherehe zaidi ya hizo nyingine, bethidei, spika kubwa, vijana wengi. Hapa naomba tukumbuke majirani zetu Uganda. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama Ziwa Victoria karibu na ufuo wa Mutima, wilaya ya Mukono, watu wakiwa wanasherehekea, zaidi ya 30 wakafa. Maafisa walisema haikuwa na leseni na ilizidisha watu. Miezi miwili tu baada ya MV Nyerere, ziwa lilelile, na habari za Ukara zilikuwa bado mbichi. Baadaye Uganda ikapitisha sheria mpya ya usafiri wa majini, 2021. Sheria ni nzuri, doria ni nzuri, lakini doria haiwezi kuwa kila bichi kila Jumamosi, na anayeingia kwenye boti iliyojaa anajua imejaa, anaiona.

Kapteni akinusa pombe mnashuka. Hata mmeshalipa. Na kundi likiwa kubwa msibanane kwa sababu mnataka picha ya pamoja, chukueni boti mbili zikae karibu karibu, mnaongeza gharama ila pia mmepata boti ya kuwaokoa ikiwa moja itaharibika, na hilo ni muhimu zaidi Kisumu kuliko sehemu nyingine zote hizi.

Kwa hio ipi

Familia yenye watoto chini ya miaka mitano: Saanane, au Naivasha kabla ya saa tano asubuhi kutoka gati yenye jaketi za watoto. Bibi na babu wanaotaka kutoka kidogo tu: Naivasha mpaka upande wa Crescent Island, ila ulizia kwanza urahisi wa kupanda na kushuka, magati mengine yamekuwa ya mbao za muda kwa sababu ya maji kupanda, na kuteleza pale ni ajali tosha. Wapenzi wa ndege na picha: Dunga alfajiri ikishapambazuka, kwenye mafunjo, boti ndogo isiyoenda mbali, kapteni wa kikundi cha pale. Vijana wa sherehe: Kisumu mchana, boti mbili, vinywaji mkisharudi. Anayeendesha mwenyewe kwa mara ya kwanza: Naivasha na mwenyeji ndani, sio Ziwa Victoria.

Na kama uko safarini tayari huwezi kubadilisha ziwa, badilisha saa au gati. Gati ya pili iko mwendo wa dakika chache tu sehemu zote hizi ukiacha Saanane, na hakuna kapteni mwenye haki ya kukukasirikia eti umeangalia jaketi zake ukaondoka.